Namba ya Bi Ummukulthum

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua ya masika imeingia na simu yangu imekufa siku hiyo hiyo. Haikufa kwa maji. Programu ya ujumbe imeandika kwamba simu hii imezeeka mno na haitahudumiwa tena, basi, kama mtu aliyestaafishwa. Darsa yangu yote imo humo. Wanawake hunitumia sauti zao wakisoma Qur'ani, nami huwasahihisha mmoja mmoja. Wengi wa hapa mtaani Kuze, wengine Malindi, wengine mpaka Maskati.

Zaki amekuja kula cha mchana kwa mamake huku chini. Yeye ni ndugu mdogo wa mume wangu, ana kibanda cha simu Mwembe Tayari. Nikampa simu aitazame.

"Nakutilia programu nyengine, shemeji, tamu kuliko hiyo," akasema. "Hata ujumbe uliofutwa wauona."

"Ni ya kampuni ile ile?"

"Ile ile. Imechongwa tu na mafundi wa mtandaoni."

Kabla hajamaliza kunywa maji simu ilikuwa yafanya kazi. Nimemwombea dua kwa moyo wote.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Darsa nzuri. Mwanafunzi wangu Swabaha bado aitoa herufi ya dhadi kama anayeung'ata ulimi.

Jumanne, 15 Aprili

Limetokea onyo kwenye simu: nitumie programu rasmi, la sivyo nitafungiwa. Nimemwonyesha Zaki. "Hutisha tu hao," akasema.

Jumapili, 20 Aprili

Nimefungiwa. Namba yangu hairuhusiwi tena, imetumia programu isiyo rasmi. Nimejaribu kuisajili upya, imekataa. Nimeandika rufaa, nikaeleza kwa adabu zote kwamba mimi ni mwalimu, simu yangu ni kuukuu, sikujua. Jawabu limekuja kabla sijaiweka simu mezani: uamuzi hautabadilika. Sidhani kuna binadamu aliyeisoma. Wamenifungia mlango kwa sababu simu yangu ni nzee, kisha wameniadhibu kwa kupitia dirishani.

Zaki hakushtuka.

"Si neno. Twatafuta namba safi, ambayo haijawahi kusajiliwa. Yasajiliwa kwanza kwa programu rasmi, kisha nakuhamishia. Nishajua ndia yake."

Nikamwambia asijisumbue. Fahmi, mume wangu, ameahidi kunitafutia simu ya maana.

Alhamisi, 24 Aprili

Fahmi ametoka bandarini Kilindini na simu mkononi. Yeye ni karani wa wakala wa kutoa mizigo, na kuna mwenzake aliyekuwa akiiuza ya kwake. Imetumika lakini ni nzima, na programu rasmi imekubali. Nimesajili laini mpya, nimeunda kundi jipya, nimesambaza kiungo ili watu warudi. Mume wangu si mtu wa maneno mengi. Nilipomshukuru alisema tu, "Haya, soma."

Jumanne, 29 Aprili

Leo nimefurahi. Aliyeomba kuingia darsani ni Bi Ummukulthum, jirani yetu wa mlango wa tatu. Ni mjane, mtu mzima wa miaka sabini na kitu, mkunga aliyezalisha nusu ya mtaa huu. Fahmi na Zaki wote walipokewa na mikono yake. Sikujua kama ana simu janja. Nimemwandikia ahlan wa sahlan, naye amenijibu kwa alama ya mikono ya dua.

Picha yake imenishangaza kidogo. Amekaa kizingitini, leso imemteleza mpaka nywele zaonekana. Sijapata kumwona hivyo hata ndani kwake. Nitamuuliza nikimwona, leo kichochoro kimejaa maji.

Ijumaa, 2 Mei

Naandika ili nikitoe kinyaa hiki kooni.

Watu walikuwa wametoka msikitini, nami nilikuwa jikoni nikipakua. Simu ikaanza kulia, haikunyamaza. Namba ya Bi Ummukulthum, kwa jina lake na ile picha yake, ilikuwa yamimina uchafu kwenye kundi la darsa. Wanawake uchi, picha juu ya picha. Baadaye tangazo la kamari, kisha namba ya kupigia mwenye kutaka wasichana. Juu yake tu palikuwa na sauti ya binti wa Malindi akisoma Suratul-Mulk.

Nilifuta nilichoweza na nikaitoa ile namba. Nikadhani nimewahi. Punde Swabaha akaniletea zile picha zote, hakuacha hata moja, na chini yake ameandika, "Mwalimu, umeyaona haya?" Nikampigia.

"Umempelekea nani mwengine?"

"Dada yangu tu. Na wale wa kundi la harusi. Nawaonyesha ubaya wake, mwalimu, wajihadhari."

Wajihadhari na nini? Wamezitazama, wamezikuza wazione vizuri, wamesema astaghfirullah, kisha wamezipeleka kwa wengine wakaseme astaghfirullah yao. Hao ndio wanafunzi wangu. Naye Fahmi amerudi kutoka barazani akasema vijana waulizana nani anazo zile za bibi. Nilimuuliza aliwajibu nini. Hakuwajibu kitu.

Nikavaa buibui nikaenda. Bi Ummukulthum alikuwa amekaa ukumbini na ungo mapajani, achambua mchele. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

"Masalkheri, Bi Ummukulthum."

"Masalkheri, mwanangu. Ingia ndani, utatota."

Nikamwomba simu yake. Akaitoa kiunoni: ni ile ndogo ya vidude vya kubonyeza, haina hata kamera. Nikamuuliza kama amewahi kujiunga na darsa yangu ya simu.

"Si ulimtuma Zaki? Alikuja siku ile ya mvua kubwa. Akasema, Maisara ataka akutie darsani, lakini sharti simu yako iitike kwanza. Zikaja namba sita, akazisoma mwenyewe, mato yangu hayaoni vidogo hivyo. Akanipiga na picha. Nikamwambia ningoje nivae buibui, akasema si lazima, haitaonekana."

"Mimi sikumtuma, bibi."

Akaacha kuchambua. "Sasa alitumwa na nani?"

Nilimwambia. Nilitafuta maneno ya adabu ya kulieleza jambo lile nikayakosa, nikalisema hivyo hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akauliza, "Na uso wangu ulikuwapo?"

"Ulikuwapo kando yake. Mdogo."

"Wanaume wameona?"

Sikuweza kumdanganya. Akauweka ungo sakafuni, akajifunika leso vizuri kichwani, ingawa tulikuwa wawili tu na mlango umefungwa.

Jumamosi, 3 Mei

Nilingoja Zaki amalize kunawa mikono, nikamuuliza mbele ya wote. Mama mkwe wangu, Bi Swafia, alikuwapo. Fahmi alikuwa akimenya chungwa.

"Namba ya Bi Ummukulthum uliichukua wewe?"

"Kuisajili tu, shemeji. Mimi sikutuma kitu."

"Nani aliyetuma?"

"Aliyeinunua. Wako watu mtandaoni wanunua akaunti, kisha waingia nazo makundini kwa viungo vilivyosambazwa." Akajinyoosha kwenye kiti kama anayefundisha. "Wewe hujui kazi hii. Kusajili akaunti siku hizi ni tabu. Namba iliyofungiwa hairudi. Laini mpya yashukiwa. Ukisajili nyingi kwa simu moja wakuzuia. Zitakikanazo ni namba za wazee. Za miaka mingi, zina majina yao, na hazijawahi kuguswa na programu yoyote. Sisi twaziita bikira."

Na akacheka. Kicheko kidogo tu, cha mtu aliyezoea neno lake.

Niliitazama midomo yake, ilikuwa bado yang'aa mafuta ya samaki. Mwanamke yule alimkata kitovu. Alimwosha, akamfunga kitambaa, akamweka kifuani kwa mamake. Leo amekuwa kwake namba bikira.

"Uliingia kwake kwa jina langu," nikasema.

"Ningeingia kwa jina gani? Wewe wakuamini."

Bi Swafia akakunja kitambaa cha mikono. "Amekosa mtoto, sikatai. Lakini hili lisitoke nyumba hii."

"Limeshatoka, mama. Limetoka na uso wa Bi Ummukulthum."

"Kwani yeye ana mume wa kumwacha? Ana binti wa kuozwa? Mtu mzima yule. Watu watasahau."

Nikamgeukia mume wangu. "Fahmi, sema."

Akatia kipande cha chungwa kinywani, akatafuna, akameza. "Tuyaache yapoe kwanza."

Nilikuwa nikimwona Fahmi mtulivu. Leo nimeona kwamba utulivu wake ni kutaka kumaliza chungwa lake.

Zaki alinifuata ngazini akasema aweza kuirudisha akaunti ile kwa ndia zake, kwa programu yake. Nikamwambia ndia zake nimeziona. Nilikwenda mwenyewe kwa Bi Ummukulthum na simu yangu na programu rasmi. Nikaandika namba yake kama akaunti ya pili, simu yake ndogo ikalia, zikaja tarakimu sita. Nikazitia. Ikasema vizuri, sasa tia nambari ya siri. Nambari hiyo imewekwa na yule mnunuzi. Tusipoijua tungoje wiki nzima. Yeye ametolewa kwa sababu tumesajili upya, hawezi kutuma kitu tena, lakini nasi hatuwezi kuingia. Jina la bibi na picha yake zimebaki pale zimening'inia, mwenyewe hawezi kuzishusha.

"Yaani niombe ruhusa ya kuingia kwangu," akasema Bi Ummukulthum.

"Ndiyo, bibi."

"Na yeye alimwomba nani?"

Jumatatu, 5 Mei

Simu ya Bi Ummukulthum yalia tangu asubuhi. Ni tarakimu sita, tena na tena. Yule mnunuzi ajaribu kuirudisha. Nimemkataza bibi asimsomee mtu yeyote zile namba, hata mimi, mpaka nifike kwake na anione kwa mato yake.

Nikiwa pale pale mtu akapiga. Nikaifungulia simu sauti. Kijana, Kiswahili chake si cha hapa, amejitambulisha kuwa ni wa kampuni.

"Nyanya, kuna namba imeingia kwa simu yako. Nisomee haraka, usije ukafungiwa laini."

"Wewe u mtoto wa nani?" akauliza Bi Ummukulthum.

"Mimi ni wa huduma kwa wateja."

"Hiyo ni kazi yako. Nimekuuliza mamako ni nani."

Kijana akamtukana. Tusi lenyewe siliandiki hapa. Bi Ummukulthum hakukata simu, alilisikiliza lote, kisha akasema taratibu, "Namba ninayo. Sikupi." Akabonyeza, akairudisha simu kiunoni. Akaniomba nimpe maji.

Jumatano, 7 Mei

Mvua kutwa. Wanawake watatu wamejitoa darsani; waume zao wamewakataza kundi lenye uchafu. Swabaha hajajitoa. Swabaha angoja yatakayofuata.

Jumamosi, 10 Mei

Wiki imetimia, tumeingia.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuiondoa picha. Kisha nikamuuliza ataka nini, maana nilidhani atasema nifute kila kitu. Akasema ataka kusema na wale wanawake. Akainuka, akaenda chumbani, akarudi amevaa buibui kamili na ukaya wa kufunika uso.

"Ni sauti tu, bibi. Hawatakuona."

"Najua."

"Utamtaja Zaki?"

"Nisimtaje kwa nini? Yeye jina langu ameliuza."

Nikairudisha namba yake kundini, nikabonyeza, nikamshikia simu karibu na mdomo. Alisema mara moja, hakurudia. Nimeyasikiliza tena na kuyaandika kama alivyoyasema:

"Assalamu alaikum. Ni mimi Ummukulthum binti Shee, wa Kuze, mkunga. Namba hii ni yangu lakini haikuwa mkononi mwangu. Alikuja kwangu Zaki, mtoto wa Swafia, kwa jina la Maisara, na Maisara hakumtuma. Akaichukua, akaiuza. Aliyeinunua ndiye aliyewatumia mliyoyaona. Mimi sikuyaona na sitaki kuyaona. Mliyonayo mpaka leo kwenye simu zenu, mnayo kwa hiari yenu. Wassalamu alaikum."

Aliniambia nimsikilizishe. Akajisikiliza, kichwa amekiinamisha upande wa sikio zuri. "Nasema kama marehemu mamangu," akasema. Kisha, "Haya, nitoe humo." Nikaifunga akaunti, ikafutika.

Niliwaandikia darsa: mlioisambaza ile, isambazeni na hii. Ile chafu ilifika kundi la harusi kabla pilau haijapoa. Hii ya bibi, mpaka alasiri, haikuwa imetoka mahali pake. Nilimuuliza Swabaha. Akasema hataki kuingilia mambo ya nyumba za watu.

Jumatatu, 12 Mei

Bi Swafia haitiki salamu yangu. Chakula chatoka chini kwa sahani moja, ya Fahmi. Amesema, akihakikisha namsikia, kwamba mke aliyeingizwa nyumbani kwa heshima amemvua nguo mwanawe mbele ya mji mzima. Aliyevuliwa nguo namjua, na alikuwa amekaa kizingitini kwake.

Nimemwomba Fahmi twende pamoja kwa Bi Ummukulthum, aseme neno moja tu kwa niaba ya nyumba hii. Alikuwa akipiga pasi kanzu yake, apenda pindo linyooke.

"Baada ya Idi," akasema.

"Idi yahusu nini?"

"Watu watakuwa wametulia."

Watu wametulia sana, Fahmi. Hilo ndilo linalonichefua.

Jumatano, 21 Mei

Nimepita Mwembe Tayari kununua karatasi ya sandarusi ya kuziba paa. Kibanda cha Zaki ki wazi, kina watu kuliko zamani. Ametundika tangazo: Tunafungua akaunti zilizofungiwa. Aliponiona aliinua mkono, kama kwamba hatujawahi kusema neno baya maishani. Mbele yake alisimama mama mmoja mtu mzima na simu ya vidude mkononi, amngojea. Nilimwendea yule mama nikamwambia asimpe namba yoyote itakayoingia. Akanitazama kama mwendawazimu. "Huyu ni mwana wa Swafia," akaniambia. "Twawajua."

Ijumaa, 30 Mei

Mvua yapungua. Darsa nimeihamishia nyumbani kwa Bi Ummukulthum, Jumanne na Alhamisi, watu kwa macho yao. Yeye ndiye aliyesema tutumie ukumbi wake. Swabaha amekuja, ameketi mbele kabisa. Sikutaka kumtazama, lakini amekuja kusoma Qur'ani na mimi ni mwalimu. Nilimsahihisha dhadi yake kama ninavyowasahihisha wengine.

Idi ya kuchinja

Nayaandika yote ya leo, maana sikuyatarajia.

Kila mwaka Bi Swafia hupeleka sahani ya nyama kwa Bi Ummukulthum, na hupelekwa na Zaki, kwa kuwa yeye ndiye wa mwisho kupokewa na mikono ile. Leo pia alimpa sahani. Nadhani alitaka watu wamwone akipita nayo, ijulikane kwamba yamekwisha. Kanzu mpya, sahani imefunikwa kitambaa cheupe. Nilisimama dirishani juu.

Kichochoro kilikuwa kimejaa watu wa kupeana mkono wa Idi. Zaki akabisha. Bi Ummukulthum akafungua nusu ya mlango.

"Idi mubarak, bibi. Mama amekuletea."

"Idi mubarak. Nyama ya Swafia naipenda," akasema, na sauti yake ilifika mpaka kwangu. "Lakini mkononi mwako sipokei kitu tena. Akitaka nile, ailete mwenyewe."

Hakupaza sauti, wala hakubamiza mlango. Aliufunga kama anavyoufunga siku zote. Zaki akabaki na sahani katikati ya watu. Mtu mmoja akacheka, wengine wakageuka kando. Alirudi nayo njia nzima.

Chini nilimsikia akiiweka mezani, akisema, "Kikongwe kimeingia wazimu." Kisha nikamwona mamake kichochoroni, peke yake, amevaa buibui, ameishika sahani kwa mikono miwili. Bi Swafia hatoki kwenda kwa watu siku ya Idi. Watu ndio wamjiao. Mlango wa tatu ukafunguka wote, akaingia, ukafungwa.

Alikaa sana. Wageni walikuja wakauliza, Fahmi akawaambia mama ametoka, bila kusema kenda wapi. Mimi niliteremka, nikatandika meza, nikapakua, kwa kuwa hapakuwa na mwengine wa kupakua.

Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Waliyozungumza siyajui, wala sitayauliza. Alisimama mlangoni, hakuvua buibui, akanitazama mimi. Hajanitazama tangu mwezi uliopita.

"Maisara. Wako wengine?"

"Wako, mama. Wazee wenye simu ndogo. Wengi hawajui kama namba zao zimechukuliwa."

Akamgeukia Zaki. "Nani na nani?"

"Mama, leo Idi."

"Nimekuuliza."

"Sikumbuki wote," akasema Zaki, akavuta sahani ya maini karibu yake.

Bi Swafia alimtazama akila. Nilikuona kule kutazama, na nilikujua, kwa sababu ndiko nilikokuwa nako mimi tangu siku ile ya midomo yenye mafuta ya samaki. Fahmi akainuka kwenye kiti, akamwangalia mamake, akaniangalia mimi, akakaa tena.

"Chukua simu yako, tuzitazame namba za wazee," Bi Swafia akaniambia. "Twaanzia kwa Bi Mbeyu pale kona, kisha twashuka. Hodi nitapiga mimi. Mwanangu ni mimi niliyemzaa, na nitawaambia hivyo."

Nikalivaa buibui langu juu ya nguo za Idi. Tukatoka sote wawili, na tukamwacha Zaki akila maini.